Unyayo wa Vidole Vinne

Mwende, mwanangu,

Mama yako amekwisha kukufungia blanketi, sabuni na zile soksi za sufu ambazo hutazihitaji Mombasa. Shangazi yako, ambaye uko kwake sasa hivi kumuaga, atakuwa amekuambia yote yanayompasa msichana kuambiwa kabla ya kupanda basi. Mimi sitayarudia. Nimeketi barazani na kalamu kwa sababu kuna jambo ambalo siwezi kulisema ukiwa unanitazama.

Juzi ulifungua sanduku langu la chuma kutafuta kufuli. Ulitoka na daftari kuukuu mkononi, limefunuliwa penye mchoro wa mguu wa mtoto, mguu wa kushoto, wenye vidole vinne. Ukaniuliza, "Baba, huu ni mguu wa nani?" Nikakuambia ulirudishe daftari na ufunge sanduku. Ulitii, kama unavyotii siku zote. Lakini ulipofika mlangoni ulisema, bila kugeuka, "Mimi nimeshawahi kuuona."

Najua umeuona. Nilikupiga kofi kwa sababu hiyo ulipokuwa na umri wa miaka saba, na sijawahi kukueleza. Usiende chuoni ukidhani kwamba ulikosa.

Nilizaliwa Nuu, katika boma lililokuwa kati ya mlima na mto wa mchanga. Mto wetu ulipata maji siku chache tu kwa mwaka. Siku nyingine zote ulikuwa uwanja mweupe, mrefu, usio na mwenyewe. Sisi watoto wa kuchunga mbuzi hatukuwa na mpira wala kitabu. Tulikuwa na mchanga. Kila kilichopita juu yake kiliandika, nasi tulisoma: hapa kanga wameoga vumbi, hapa nungunungu ameburuta miiba yake, hapa mama fulani amepita na mtungi uliojaa, kwa maana visigino vyake vimezama. Nilijua kusoma mchanga kabla sijajua kusoma herufi.

Kutokana na hayo tulikuwa na mchezo. Mmoja alificha uso kwenye jiwe na kuhesabu hadi mia. Mwingine alikwenda kujificha, na nyayo zake zikabaki nyuma zikimsema. Ujanja wote ulikuwa kuzifanya nyayo ziseme uongo. Wengine waliruka kutoka jiwe hadi jiwe, wengine waliburuta tawi. Mimi nilivumbua ujanja wa kutembea kinyumenyume, ili anayefuata aende kule ulikotoka badala ya kule ulikokwenda. Nilimfundisha mtu mmoja tu, dada yangu mdogo, Syombua.

Jina hilo umelisikia mara moja au mbili. Ulipozaliwa, mama yangu, ambaye wewe unamwita Susu, alitaka upewe. Mimi nilikataa.

Syombua alipokuwa anaanza kutembea alikanyaga kaa la moto mekoni. Kidole chake kidogo cha mguu wa kushoto kilipona kikiwa kimeelekea juu, hakikugusa chini. Kwa hiyo mguu wake wa kushoto uliandika vidole vinne, na watoto wenzake walimtania kwamba hawezi kujificha hata akienda Nairobi. Ndiyo sababu alipenda sana ule ujanja wangu. Aliufanyia mazoezi mpaka akanishinda.

Mchezo ulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: anayetafuta haondoki kabla hajamwona aliyejificha; akishindwa, husimama katikati ya mto na kupaza sauti, "Nimeshindwa, toka!" Ya pili tulipewa na Susu: mchezo ukiisha, wote wawili warudi pamoja wakiifuta njia kwa tawi hadi unyayo wa mwisho. "Njia ya mchezo ikiachwa wazi," alisema, "hupata wa kuipita." Hatukumuuliza ni nani. Ulikuwa mwiko wa nyumbani kama miiko mingine.

Mwaka ninaokusimulia ulikuwa wa kiangazi kirefu, kabla ya bendera yetu kupandishwa. Wanawake walikuwa wamechimba visima mchangani, vingine vyenye kina cha watu wawili, na kila kilipokauka walikiacha wazi na kuchimba kingine. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, Syombua saba. Ilikuwa adhuhuri, saa ambayo kivuli cha mtu kimelala chini ya miguu yake, na mbuzi walikuwa wamejikunyata chini ya migunga. Zamu ya kujificha ilikuwa yake.

(Nitayaandika maneno ya watu jinsi walivyoyasema. Nimesahihisha Kiswahili cha watu kwa miaka ishirini na mitano, hawa nitawaacha.)

"Mutua, hesabu yote," aliniambia. "Wewe huruka sitini."

"Siruki."

"Unaruka! Jana umetoka hamsini umeingia themanini kama mbuzi ya kuruka ua. Mpaka mia, moja moja."

"Mpaka mia. Nenda."

Nilisikia miguu yake ikisaga mchanga, kisha nisiisikie. Nilikuwa nimefika arobaini na mbili wavulana wawili wa boma la jirani walipotokea juu ya ukingo, manati shingoni. Mmoja akacheka.

"Mutua! Bado unacheza na watoto ya kunyonya? Kuja huku, kanga wamejaa kama mchwa."

Mwende, niliacha kuhesabu. Sikusimama katikati ya mto na kupaza sauti kwamba nimeshindwa. Nilifikiri: acha angoje kidogo, atajifunza kutojivuna. Nikaenda na wale wavulana. Hatukupata kanga hata mmoja. Niliporudi jua limeinama, mbuzi walikuwapo wote, na mto ulikuwa kimya. Niliita mara moja, si kwa sauti kubwa. Nikajiambia kwamba amechoka, amekwenda nyumbani. Nyumbani Susu aliuliza, "Syombua yuko wapi?" Nikajibu, "Alitangulia."

Neno moja, nalo lilikuwa uongo. Yote mengine yaliota juu yake.

Kabla ya giza, wanaume waliteremka mtoni pamoja na Mzee Nzioka. Huyu alikuwa mwindaji, na ilisemekana kwamba angeweza kumfuata nyuki kwa miguu. Alizikuta nyayo zile za vidole vinne mara moja. Akasimama, akanyoosha mkono. "Mtoto ametoka mtoni. Ameenda mlimani." Wote wakageukia mlimani na kuanza kuita.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya zile nyayo. Hatua zilikuwa fupi kuliko hatua zake. Vidole vilikuwa vimechimba, kwa kuwa ndivyo vilivyotangulia kugusa chini, na kila kisigino kilikuwa kimeburuta mkia mdogo wa mchanga. Nilisoma yote hayo kwa uwazi ninaosoma nao ukurasa huu. Hakutoka mtoni. Alikuwa ameingia mtoni. Lakini kama ningesema hivyo, baba yangu angeniuliza nimejuaje, kisha angeniuliza nilikuwa wapi. Niliogopa fimbo. Fimbo tu, Mwende. Viboko ambavyo ningalivisahau kabla ya mavuno.

Usiku kucha waliita mlimani, na kesho yake mchana kutwa. Nami nilipanda nao. Niliita kwa sauti kuliko wote.

Siku ya tatu asubuhi Mzee Nzioka hakupanda. Aliteremka peke yake, akapiga magoti mchangani, akakaa hivyo kitambo. Kisha akaniita.

"Mutua, kuja. Hii mguu inaenda wapi?"

"Mlimani."

"Angalia tena."

Nikaangalia zile hatua fupi.

"Hii mtoto ilikuwa inaenda," aliniuliza taratibu, "ama ilikuwa inacheza?"

Sikusema kitu. Akainuka na kuwaita wanaume warudi.

Nyayo zilifika kwenye ukingo wa kisima kimoja kilichoachwa, na kuta zake zilikuwa zimebomoka na kukijaza nusu. Unyayo wa mwisho ulikuwa na kisigino upande wa kisima. Walichimba kwa majembe, kwa masufuria, kwa mikono. Walikuta kibuyu chake cha maji, kizima, kimezibwa vizuri. Wakachimba mpaka mchanga ukawa unyevunyevu, mpaka maji yakaanza kukusanyika. Hawakumkuta. Walipanua shimo pande zote, wakachimba na visima vya jirani. Hawakumkuta. Hakuna nyayo zilizotoka pale.

Ilikuwa tena adhuhuri na mbingu ilikuwa tupu. Ndipo tuliposikia ngurumo kama ya lori zito likija kutoka mbali, na Mzee Nzioka akapiga kelele, "Tokeni! Mto inakuja!" Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, kwa watu tusiowajua. Wanaume walipanda ukingo wakivutana. Maji yalipita mekundu, yamebeba miti, na yalipokwisha kupita, mchanga ulikuwa umenyooka kama daftari jipya.

Baba yangu hakunipiga. Hakujua kwamba kulikuwa na sababu. Mzee Nzioka hakumwambia mtu. Aliniambia mimi tu, baada ya maombolezo kumalizika, akinipita njiani: "Mimi nimenyamaza. Lakini mchezo haijaisha."

Ukaja msimu mwingine wa ukavu, mto ukawa mchanga tena, nami nikashuka na mbuzi. Karibu na pale palipokuwa na kisima niliukuta unyayo mmoja, wa kushoto, wa vidole vinne. Mmoja tu, katikati ya mchanga usio na alama nyingine yoyote. Niliuchora kwa mkaa nyuma ya daftari la hesabu, nikauzungushia mstari, nikaupima kwa kijiti. Huo ndio mchoro wangu wa kwanza. Mambo yote ambayo watu wameyaita burudani ya Mwalimu yalianza hapo: daftari kumi na tisa, suguya, yule paa mdogo wa vichakani, fisi, kandambili za tairi, baiskeli, nyoka aliyeandika mstari kama sahihi ya hakimu. Nilijiambia kwamba ninapenda elimu ya wanyama, na kwa kweli niliipenda. Mtu anaweza kukipenda kitu ambacho alikianza kwa hofu. Nilikuwa na furaha ya kweli, asubuhi nyingi sana, nikiinama juu ya mchanga ambao haujaguswa. Lakini kila mwaka palikuwa na ukurasa mmoja wa vidole vinne, na mguu ule haukukua.

Nilipohamishiwa shule ya hapa Matiliku nilifurahi, nikaamini kwamba mguu ule nimeuacha Nuu. Nilikuja na daftari zangu na rula yangu, na hapa napo palikuwa na mto wa mchanga. Unajua watu wetu wanavyouogopa mkono unaogusa unyayo wa mwingine. Mchawi, wasemavyo, huchota udongo wa pale ulipokanyaga. Siku moja jirani alinikuta nimechuchumaa juu ya alama za mguu wake.

"Mwalimu, unapima mguu yangu ya nini?"

"Ninachora tu."

"Unachora ya nini? Mimi niko hapa mzima, si uchore mimi!"

Watu walicheka, lakini siku ya tatu walikuwa hawacheki tena. Mama yako, ambaye tulikuwa tumeoana karibuni, aliniambia kwamba hatalala nyumba moja na daftari zenye miguu ya watu. Nilikuwa naandaliwa kuwa mzee wa kanisa. Nikazifungia sandukuni, na kwa miaka tisa sikuinama juu ya mchanga. Nilivuka mto nikitazama mbele, kama watu wenye heshima zao. Katika miaka hiyo nilikuwa mkali, hasa shuleni. Nadhani mtu akijinyima kitu pekee kinachomfanya awe mtoto tena, huwaonea wivu watoto.

Kisha ukafika umri wa miaka saba. Ilikuwa likizo ya Agosti. Nilirudi kutoka sokoni saa sita mchana, nikakuona mbali, katikati ya mchanga, unatembea kinyumenyume. Ulikuwa ukiiweka miguu kwa uangalifu, vidole kwanza, kisigino baadaye. Nilikuwa sijawahi kumfundisha mtu mwingine jambo hilo. Niliteremka. Kabla sijakufikia nilikuwa nimekwisha kusoma. Kando ya nyayo zako palikuwa na mstari mwingine, nao wa kinyumenyume, na kila wa kushoto ulikuwa na vidole vinne. Zilikwenda sambamba nawe kama hatua thelathini, kisha zikakoma. Zako ziliendelea peke yake.

"Nani amekufundisha kutembea hivyo?"

"Yule mtoto wa ng'ambo."

"Anaitwa nani?"

"Hajasema." Ulikuwa unatabasamu, Mwende, ulidhani nimekuja kucheza. "Baba, ameuliza kama wewe bado unahesabu."

Hapo ndipo nilipokupiga. Hukulia. Ulinitazama, kisha ukatazama nyuma yangu, kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya mwenzake. Sikugeuka kuona ulikuwa ukimtazama nani. Nilikushika mkono nikakupeleka nyumbani, na tangu siku ile hujawahi kucheza mbele yangu mchezo wowote.

Mimi ni mzee wa kanisa. Sina mahali katika imani yangu pa kuliweka jambo hili, kwa hiyo nililiweka mahali pekee nilipokuwa napo: nilifungua sanduku, nikatoa daftari, nikarudi mtoni na rula. Nilichora nyayo zako na zile nyingine. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na mtu, nilivua viatu vyangu vya kanisani na kukunja suruali, nikatembea kinyumenyume kutoka ukingo hadi ukingo. Miguu yangu ilikuwa inakumbuka yote. Sijui nikuelezeje kwamba nilikuwa nimejawa na hofu, na papo hapo nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu nilipofika arobaini na mbili nikaacha. Mjomba wako alipita ukingoni na ng'ombe wake. Akasimama. "Shemeji," akasema, "ni nini umesahau huko nyuma unaenda na mgongo kuchukua?" Nikamjibu kwamba ninanyoosha mishipa. Mpaka leo huniuliza habari za mishipa.

Kwa hiyo zile Jumamosi za kiangazi ambazo mliambiwa kwamba nimekwenda kukagua ua wa shule, nilikuwa mchangani, nikicheza peke yangu. Nilijificha na nikajitafuta. Ilikuwa njia nzuri ya kufanya kila kitu isipokuwa lile moja lililokuwa linangojewa.

Lile moja ni hili. Unakumbuka jinsi Susu alivyojengewa nyumba ya mabati, na fundi akataka mlango uelekee barabarani, naye akakataa, akataka uelekee mlimani? Ulimuuliza sababu ukiwa mdogo, naye akasema anapenda upepo wa mlima. Hakuna upepo unaotoka kule. Mama yangu ameketi akiutazama mlima kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa sababu mlimani ndiko nyayo zilikoelekea jioni ile. Hawakumzika binti yake, na kisima hakikumrudisha; kwa hiyo anaamini jibu la kwanza alilopewa. Kila akiona moshi wa wachoma makaa kule juu hunyanyuka kidogo kitini. Mimi ndiye ninayejua kwamba anatazama upande usio wenyewe, nami nimemtembelea kila Krismasi, nikaketi naye, nikautazama mlima pamoja naye.

Unakwenda kujifunza uuguzi. Sikujui kama mtu mwoga, lakini hata mimi sikujijua hivyo mpaka ilipopita saa ya kujijua. Ipo siku wodini watu wakubwa kuliko wewe watakuwa wanatafuta kwa bidii upande usio wenyewe, na wewe utakuwa umeiona hatua fupi, na mkia mdogo wa mchanga. Utasimama pale na hofu ya kuulizwa ulikuwa wapi. Sina la kukufundisha juu ya saa hiyo, kwa sababu mimi ilinishinda. Ninakuonyesha tu ilivyofanana, ili uitambue ikija.

Na kofi lile, ninakuomba msamaha. Uliniletea ujumbe, nami nikampiga mjumbe.

Kesho asubuhi nitakubebea sanduku hadi ng'ambo, pale basi linaposimama. Likishaondoka sitarudi nyumbani. Mama yako anajua. Nitapanda magari ya kwenda Nuu. Nitaketi mbele ya Susu, niufunike mlima kwa mwili wangu, nimwambie nilichokifanya na nilichokinyamazia. Akinifukuza, nitakuwa nimestahili. Asiponifukuza, nitamwomba aniruhusu nikigeuze kiti chake kielekee mtoni. Kisha nitakata tawi, niteremke mchangani, niifute njia yote kutoka ukingoni hadi mahali pa kile kisima. Hakuna unyayo uliobaki wa kufuta. Nitafuta hata hivyo.

Tutauvuka mto mapema, kabla jua halijapanda. Tembea upendavyo, Mwende. Ukitaka kwenda kinyumenyume, nenda. Sitakuuliza nani amekufundisha, na nikiona nyayo za mwingine kando yako sitazipima. Huenda wewe ukamwona, kwa kuwa ulimwona kwanza. Ukimwona, mwambie nimefika mia, na kwamba safari hii sikuruka sitini.

Mwambie nimeanza kutafuta.

Baba yako,
Mutua